Mama Yake Asisubiriwe

Tarehe 11 Februari

Mama Chiriku,

Salamu. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mjukuu wangu. Mimi naendelea. Nakuandikia kwa kuwa simu imenishinda: sikio la kulia limekufa kabisa, na la kushoto husikia linapotaka lenyewe. Juzi nilidhani umeniambia mtoto ana homa, nikashinda nikimwombea, kumbe ulisema anahama darasa.

Hii ni wiki ya sita tangu mwanangu aondoke. Watu wa hapa wamenitendea wema. Wanawake wa darsa hawajaacha kuja. Alhamisi iliyopita chumba cha wanawake msikitini kilijaa hadi viatu vikazagaa kwenye ngazi, nami nikafundisha kama kawaida. Niliwaambia kwamba hakuna hata mmoja wetu mwenye kitu. Nguo tuliyovaa, pumzi, watoto, vyote ni amana, na Mwenyewe akitaka kilicho chake haombi ruhusa. Wengi walilia. Mke wa muuza vioo alinishika mikono akasema hajapata kuona subira kama yangu. Nilimshukuru Mungu.

Sasa nije kwenye jambo. Mwanangu alizikwa siku ileile, alasiri. Mimi nilifika kesho yake asubuhi. Siku moja, Mama Chiriku, na hata hiyo haikutimia. Nilikuuliza kwa nini, ukasema, "Hatukuweza kusubiri," ukaingia ndani. Mama mzazi nikaonyeshwa udongo. Sitalirudia hilo, ila ujue sijalisahau.

Kuhusu mtoto. Nasikia umerudi kazini ndani ya eda na Chiriku anashinda kwa jirani. Mtoto ana ukoo. Baba hayupo, lakini bibi yupo, nyumba ipo, na chumba alicholala baba yake kipo, kitanda nimekitandika. Mlete shule zitakapofungwa mwezi wa nne, akae huku, asome huku. Ni amana ya ukoo huu, nawe unajua amana hufanywaje.

Mama mkwe wako


Tarehe 23 Februari

Mama,

Shikamoo. Barua niliipata Ijumaa, nikaisoma mara mbili nikiwa bado nimesimama kituoni.

Ni kweli nimerudi kazini. Niliuliza, nikaambiwa mwenye shida anaruhusiwa kutoka mchana mradi usiku alale kwake. Nyumba hii tumepanga, unajua. Nasaga lenzi kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi, kwenye kile chumba cha nyuma nilichokuonyesha ulipokuja: mashine tatu, ndoo, dirisha lisilofunguka. Chiriku anakaa na jirani saa mbili tu baada ya shule, na anayechoka ni jirani. Mtoto bado ni yuleyule, anaanza kuongea kabla hajafumbua macho. Anaongea kila kitu isipokuwa hicho kimoja. Shuleni amewaambia wenzake kwamba baba yake amepelekwa kufunga nyaya za umeme mbali sana, nguzo ni nyingi, atachelewa. Mwalimu aliniita. Nikasema nitazungumza naye. Sijazungumza.

Mama, nakuheshimu, na mume wangu asingenisamehe nisipokuheshimu. Lakini mtoto simleti. Umesema vyote ni vya Mungu na hakuna mwenye kitu. Nimekubali. Mbona basi kila ninaporudia kuisoma barua yako, anayetakiwa kutoa ni mimi?

Kuhusu siku ile, nilifanya nilivyoona inafaa. Nisamehe.

Mkweo


Tarehe 6 Machi

Mama Chiriku,

Marahaba. Sikujua kalamu yako ina makali hivyo.

Umeniomba msamaha kama mtu aliyemkanyaga mwenzake kwenye foleni. Nisamehe, nukta, na safari inaendelea. Hujaniambia kwa nini. Nilimzaa, nikamlea peke yangu tangu ana miaka minne, kwa cherehani moja. Nimeshona sare za shule za mji huu mzima hadi vidole vikapinda, ili na yeye apate ya kuvaa. Ulipomchukua kwenda huko sikusema kitu. Ulipomfukia bila mimi sikusema kitu mbele ya watu. Sasa unataka na mtoto nisimwone.

Na tuseme ukweli. Nilipokuja kwenu mwaka juzi nilikaa siku tisa. Mswala wako ulikuwa umekunjwa juu ya kabati, una vumbi la kuandikika jina. Mwanangu alikuwa akiswali peke yake sebuleni. Niliona, nikanyamaza. Huyo mtoto atamjua Mola wake kwa kufundishwa na nani? Na mashine za miwani?

Mdogo wangu, mjomba wa marehemu, atafika kwako Jumamosi tarehe 15. Mwandalie mtoto nguo. Sitaki vikao, sitaki kelele.

Kila nikiinuka kutoka kwenye swala watu wananiuliza, "Mjukuu anakuja lini?" Niwajibu nini?

Mama yake marehemu


Tarehe 19 Machi

Mama,

Shikamoo. Mjomba alifika salama, na nina hakika hakupotea wakati wa kurudi, maana Chiriku alimsindikiza hadi kituoni akimwelekeza kila kona. Najua amekueleza kwa namna yake. Nami nikueleze kwa yangu.

Alikaa kwenye kochi, akakohoa, akaanza, "Mkwe, nimetumwa." Chiriku akamkatiza, akamuuliza kama anajua kwamba mjusi akikatika mkia, ule mkia unaendelea kucheza peke yake. Mjomba akasema hajui. Hapo ndipo alipokosea. Alielezwa habari za mjusi, za mwalimu wa hesabu anayepiga chafya mara saba bila kupumzika, za paka wa jirani aliyezalia ndani ya sanduku la viatu, watoto wanne, na kila mmoja tabia zake. Nilipotoka jikoni na chai nilimkuta mjomba amelala mdomo wazi na mtoto bado anamweleza. Alipoamka alikunywa chai, akaniangalia, akasema, "Basi, nitamwambia dada kwamba nilifika." Nguo nilikuwa nimeziandaa, Mama, kama ulivyoagiza. Sikuwa na nguvu za kung'ang'aniana na mtu mlangoni. Begi lilikuwa nyuma ya mlango. Hakuliulizia.

Umetaja mswala. Ni kweli. Sikulelewa kwenye swala kama ninyi. Nilijifunza ukubwani, nikisimama naona haya, naona kama naigiza. Mume wangu hakunilazimisha. Alikuwa akisema, "Simama siku utakayokuwa na la kusema."

Nikwambie kitu ambacho sijamwambia mtu. Kazini, mashine zote tatu zikiwashwa na maji yakimwagikia lenzi, hakuna anayemsikia mwenzake. Hapo ndipo ninaposema langu. Ni sentensi moja. "Najua ni wako, lakini mimi nilikuwa bado namhitaji." Basi. Nasema nimevaa miwani ya kinga, aproni imelowa. Sijui kama inahesabiwa.

Chiriku anakusalimu. Amekuchorea mjusi, yumo humu ndani.

Mkweo


Tarehe 2 Aprili

Mama Chiriku,

Msimamizi wa mwanangu kazini alikuja jana. Alikuwa na safari zake huku, akaona apite kunipa pole. Mtu mzima, mpole, kofia kaishika mkononi. Alikaa upande wa sikio la kushoto, na jana sikio lenyewe likaamua kusikia kila neno.

Alisema, "Mama, tunamshukuru Mungu hukumwona vile."

Nikamuuliza, "Vile vipi?"

Alidhani najua. Akataja waya, na mvua, na dakika walizosimama chini ya nguzo bila kuweza kumfikia. Kisha akaniangalia usoni, akaanza kuigeuzageuza ile kofia.

Wewe uliniambia alianguka ghafla, moyo. Nami watu wote nimewaambia moyo.

Sitaki kulisikia kwa msimamizi. Niambie wewe.

Mama yake


Tarehe 10 Aprili

Mama,

Shikamoo. Barua hii nimeianza mara nne.

Mvua ilikuwa imekatika. Alipanda kuunga waya uliokatika karibu na shule. Umeme ulikuwa umezimwa. Wenzake wote wanasema hivyo na mimi nawaamini. Upepo ukauangusha waya wa njia nyingine, wenye umeme, juu ya ule wake. Nimetafuta wa kumlaumu, Mama, nimetafuta sana. Sijampata.

Niliitwa hospitali saa nne asubuhi. Walinifunulia miguu kwanza, nikamjua. Nikasema nataka kumwona yeye. Mhudumu mmoja, mwanamama wa makamo, akanishika bega akasema, "Dada, una uhakika?" Nikasema ndiyo. Nilichokiona sitakiandika. Umetaka nikwambie, nami nakwambia kwamba uso haukuwa uso tena, na hapo ndipo nitakapoishia.

Wazee wa msikiti walikuja. Mmoja akauliza, "Mama yake yuko wapi?" Nikamjibu yuko njiani, atafika kesho asubuhi. Akasema, "Basi tunaweza kumngoja, si vibaya." Mimi ndiye niliyesema hapana. Nilisema, "Mama yake asisubiriwe." Wote waliniangalia. Mmoja alitikisa kichwa na nikajua atakwenda kusimulia, na kweli amesimulia. Sokoni hapa kuna wanawake hawaitikii salamu yangu hadi leo.

Nilikuwa nakujua, Mama. Ungefika ungesema, "Nifunulieni." Nani angekuzuia? Ungemwona, na mpaka leo ungekuwa unamwona. Mimi namwona. Nikisaga lenzi namwona, nikimfunga mtoto vifungo namwona. Niliwaza kwamba mmoja wetu anatosha. Wewe ubaki na yule uliyemfungashia chakula cha njiani mara ya mwisho, akakwambia usimjazie, ukamjazia.

Nilijua utanichukia. Niliona hilo unaweza kulibeba.

Nisamehe kwa uongo wa moyo. Sina kingine nilichokuficha.

Mkweo


Tarehe 3 Mei

Mwanangu,

Nimekaa na barua yako wiki tatu. Naisoma, naiweka chini ya mto, naitoa tena. Kukushukuru kwa jambo kama hilo sijui kunafanywaje. Kwa kuwa umenipa ukweli wako, acha nami nikupe wangu.

Tangu Januari sijaswali.

Usishtuke. Nimesimama, nimeinama, nimesujudu, mara tano kwa siku bila kukosa, na mbele ya watu nimeongeza hata zisizotakiwa. Lakini ndani hapakuwa na mtu. Nikiwa kwenye sijda nilikuwa nasikilizia kama kuna aliyeingia, mimi nisiyesikia! Wanawake wakiniambia, "Subira yako, mama," nilikuwa nayanywa maneno yale kama maji, na kesho yake nina kiu tena. Nilikuwa nawafundisha kwamba vyote ni vya Mungu, halafu nikirudi nyumbani namfungia Mungu huyohuyo mlango. Nilikuwa namwambia: Huyu alikuwa wangu. Una mbingu, una bahari, una watoto wa watu wote. Wangu mmoja ulimtakia nini? Kisha naenda kutawadha.

Alhamisi ya tarehe 24 ilikuwa zamu ya somo la nia. Nimelifundisha miaka kumi na minane, nalijua kama njia ya kwenda chooni. Nilifika mahali pa kusema kwamba ibada safi ni ile ambayo ungeifanya hata kama hakuna jicho la mtu linalokuona. Nikakukumbuka wewe mbele ya wale wazee. Nikakumbuka kwamba ulijua utasimuliwa, ukanyamaza miezi mitatu huku mimi nakutukana kwa barua, nayo barua naianza kwa salamu. Nikashindwa kuendelea.

Nikawaambia. Habari za uso hapana, hizo ni zetu mimi na wewe. Niliwaambia tu kwamba swala zangu tangu msiba nilikuwa nawaswalia wao.

Ungeona nyuso! Mmoja alicheka, akidhani ni mfano wa somo. Mke wa muuza vioo akasema, "Mama amechoka, apewe maji." Rafiki yangu wa miaka yote, yule mkunga, akainama akaninong'oneza upande wa sikio bovu. Nikamwambia rudia. Akanong'ona tena. Nikamwambia sisikii. Ikabidi apaze sauti: "Nasema mambo kama hayo hayasemwi mbele ya watu!" Chumba kizima kikasikia.

Darsa nimemwachia binti mmoja, anajua kuliko mimi. Siku za Alhamisi nawaona wakipita mbele ya dirisha langu na vitabu vyao. Wananipungia mkono. Hawaingii. Sijui aibu ni yao au ni yangu. Nyumba imekuwa kubwa mno. Nimegundua nina viti kumi na viwili.

Juzi alasiri niliswali peke yangu. Nilikosea. Katikati sikukumbuka kama niko rakaa ya pili au ya tatu, mwalimu mzima. Nikashuka kwenye sijda nikabaki chini. Sikuwa na la kusema, nikaiazima sentensi yako. Najua ni wako, lakini mimi nilikuwa bado namhitaji. Ikatoka. Na mengine yakaifuata, ya miezi yote ile, zulia likalowa. Nilipotaka kuinuka kiuno kikakataa, nikawa natambaa pale kama mtoto hadi nilipoupata mguu wa meza. Umeniuliza kama inahesabiwa. Hilo halimo kwenye vitabu vyangu. Ila mimi naihesabu hiyo kuwa ya kwanza.

Mtoto ni wako kumlea. Yale maneno ya amana ya ukoo nayafuta. Nililichukua jambo la Mungu nikalifanya kamba ya kukuvutia.

Eda yako inakwisha mwezi huu. Naomba ruhusa nije nikaone kaburi, siku mbili tatu. Sitakuja kumchukua mtu. Ukisema hapana nitaelewa.

Mama


Tarehe 16 Mei

Mama,

Shikamoo. Njoo.

Panda gari la saa kumi na mbili asubuhi, ukae upande wa kushoto, upande wa pili jua litakuchoma njia nzima. Usibebe vitu. Nitakuwa stendi.

Sitakudanganya, sijui tutakaaje sisi wawili. Tumezoea yeye awe katikati, anakwambia wewe nilichomaanisha mimi, ananiambia mimi ulichomaanisha wewe. Nadhani alikuwa anatupunguzia makali sote wawili. Sasa itabidi tusikilizane wenyewe. Nitapaza sauti.

Chiriku nimezungumza naye. Nilimkalisha kwenye ngazi ya nyuma, nikamwambia baba hayuko kwenye nguzo za mbali. Akasema, "Najua." Nikamuuliza, mbona basi unawaambia wenzako vile? Akasema, "Nilidhani wewe ndiye hujui."

Alasiri ile hakusema neno hata moja. Nilikuwa nikimwita kila baada ya dakika kumi ili tu anijibu "Abee." Kesho yake akaanza tena na paka.

Ule mswala nimeukung'uta. Sijausimamia bado. Uko kwenye kiti.

Mkweo


Tarehe 21 Juni

Mwanangu,

Nimefika salama. Nilikaa upande wa kushoto kama ulivyosema, jua likanikuta hukohuko kwa sababu barabara imechepushwa.

Kuna mambo nilishindwa kuyasema pale, acha niyaseme hapa. Kaburini nilidhani nitaanguka. Sikuanguka. Nilikuwa nakuangalia wewe unang'oa majani. Uling'oa ya kwake, ukaendelea na ya kaburi la pembeni. Nikakuuliza huyu ni nani wenu, ukasema humjui, hujawahi kuona mtu anayekuja. Nikakuuliza, "Sasa mbona unamsafishia?" Ukasema, "Majani yake yanavuka, Mama." Ukageuka kumtafuta mtoto. Nimeliwaza jibu hilo njia nzima na sijaliamini hata kidogo.

Asubuhi ile ya pili, nilipokuwa naswali, ukaja ukasimama kando yangu. Nilikuona kwa pembe ya jicho. Sikugeuka, na tulipomaliza sikusema kitu, nisije nikakuharibia. Usidhani sikufurahi.

Kuhusu Chiriku kuja likizo: ulinipa bila kuombwa, Mungu akulipe. Lakini kama nilivyokwambia stendi, paa la kile chumba linavuja. Nimefika nimelikuta baya zaidi. Fundi hapatikani. Basi akae na wewe kwa sasa, tutaona mwakani.

Mwambie mtoto nimeshaona mkia wa mjusi ukicheza peke yake. Ni kweli.

Mama


Tarehe 26 Juni

Mdogo wangu,

Umemtuma dereva aniulize kwa nini nimerudi mikono mitupu wakati mama wa mtoto mwenyewe alikuwa amekubali. Nakujua, hutatulia mpaka uambiwe. Nakuandikia, na ukimaliza kusoma choma karatasi.

Asubuhi ya kuondoka Chiriku alisema, "Naenda na Bibi." Mama yake akasema, "Sawa, likizo nzima." Alisema vizuri, anatabasamu. Kisha akaingia chumbani kupanga nguo. Baada ya muda nikamfuata kuchukua mtandio wangu. Nilimkuta amekaa kitandani amenipa mgongo, ana gauni moja la mtoto. Analikunja, analikunjua, analikunja tena. Begi lilikuwa tupu. Hakuniona. Nilirudi sebuleni kwa kunyata, bila mtandio.

Unakumbuka ulivyonikuta Januari, nimekaa na lile shati la marehemu? Ndivyo alivyokuwa amekaa.

Ningelisema palepale angejua nimemwona. Nikangoja hadi stendi. Gari linaunguruma, begi liko miguuni pa mtoto, utingo anatuharakisha, ndipo nikajipiga kwenye paji la uso nikasema, "Jamani! Paa la kile chumba linavuja!" Chiriku alikasirika. Akaniambia mimi ni mzee na sikumbuki kitu, mbele ya abiria wote. Mama yake akasema, "Pole, Mama," na mkono wake ukalishika lile begi haraka kuliko mdomo ulivyosema.

Paa ni zima, unalijua, misumari uliipiga mwenyewe. Ukikutana na mkwe, linavuja. Ikibidi njoo ulitoboe.

Usidhani sikumtaka yule mtoto. Nilimtaka kuliko nilivyokuwa namtaka nilipokutuma, maana sasa namfahamu. Garini kiti cha pembeni kilikuwa wazi, nikaweka mkono juu yake hadi mtu alipopanda akaniomba apite. Mara ile nilipokuwa nikidai kwa nguvu, ningempata ningewaonyesha watu. Safari hii nilipewa, na hakuna aliyeona nilivyomwacha, isipokuwa wewe sasa, kwa kuwa una udadisi.

Leo ni Alhamisi. Wanawake wamepita na vitabu vyao, wamenipungia, nimewapungia. Nikarudishia mlango nikaswali. Nilipofika mahali pa kuomba sikuomba nirudishiwe kitu. Niliwataja tu, mmoja mmoja, na kwa kila mmoja nikasema, huyu ni wako. Marehemu. Mama yake Chiriku. Wewe pia, na kiuno chako kibovu kama changu. Nilipofika kwa mtoto sauti ikagoma. Nikabaki pale na paji la uso chini, nikaisubiri. Ilichukua muda mrefu, mdogo wangu, na hapakuwa na mtu wa kunihimiza. Ikaja. Nikasema.

Dada yako